Tak Kwenye Laini

4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua unaisoma barua hii ukiwa umesimama, miwani kwenye ncha ya pua, unatafuta kwanza kama nimeandika habari za kuolewa. Sijaandika. Kaa chini.

Nimepandishwa cheo. Unajua miaka sita nimekuwa ghorofa ya nne, kwenye chumba cha meza arobaini na sita, hedfoni kichwani, nikiwaomba radhi watu ambao friji zao zimeharibika kana kwamba nimeziharibu mimi. Sasa nimepewa meza ya dirishani na kazi mpya. Nafundisha mashine.

Usicheke. Kampuni imeleta mashine inayosikiliza sauti zetu tunapoongea na wateja, na inapima: huyu ana furaha, huyu amechoka, huyu ana hasira. Lakini bado haijui hasira inavyosikika. Mimi ndiye ninayeifundisha. Napewa rekodi elfu mbili, nasikiliza moja moja, nabonyeza kitufe: furaha, uchovu, hasira. Nikimaliza natia saini fomu kwamba mashine iko tayari, kisha inafanya kazi yenyewe. Mwisho ni tarehe 30 Aprili.

Wenzangu wameipa jina la Mama Mkwe. Eti inasikia kila kitu, haikuambii neno usoni, habari zako unakuja kuzipata kwa mtu mwingine.

Meneja amesema nimechaguliwa kwa sababu nina sikio. Nikamwambia sikio ni la urithi, shangazi yangu alikaa kwenye swichibodi ya simu miaka ishirini na miwili, wakati yeye hajaota meno. Akacheka. Lakini akaniuliza: kama alikuwa mtu wa simu, kwa nini unamwandikia barua?

Kweli, Shangazi. Kwa nini huna simu? Hata ile niliyokununulia umemfungia kuku dirisha nayo, nimeambiwa.

Mtoto wa mdogo wako,
Kasuku


15 Machi

Kasuku,

Marahaba. Kuku alikuwa anatoroka, na simu ile ina uzito mzuri. Aliyekupa habari hiyo ni jirani yangu wa mlango wa bluu. Unaona? Kijiji kizima kilikuwa na Mama Mkwe kabla mashine yako haijazaliwa, tena huyo hakuhitaji kufundishwa.

Hongera mwanangu. Nasema kwa moyo. Barua yako nimeusomea ukoo mzima, isipokuwa pale pa kuolewa.

Umeuliza habari za swichibodi. Basi jenga picha ya ubao wa mbao mrefu kama kabati la vyombo, una matundu mia mbili, kila tundu ni nyumba au ofisi ya mtu. Mbele yako kuna waya wenye plagi, wawili wawili. Mtu akinyanyua simu, kijitaa kinawaka kwenye tundu lake. Unachomeka waya mmoja kwake, unasema "Namba gani tafadhali?", unachomeka wa pili kwa anayemtaka, wanaongea. Wakimaliza unachomoa. Kazi ndiyo hiyo. Tulikuwa watano na viti virefu, migongo imenyooka, na sauti zetu zilikuwa nyororo kiasi kwamba watu walituchumbia kabla hawajatuona. Wengine walipotuona walibadili mawazo, lakini hayo tuyaache.

Kuhusu simu, masikio yangu yamestaafu pamoja na mimi. Nimesikiliza za kutosha.

Lakini nina swali moja, la mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. Hao wenzako arobaini na watano, wanajua Mama Mkwe anasikiliza saa ngapi na anaacha saa ngapi?

Shangazi yako,
Mama Laini


27 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Swali lako limeninyima raha siku tatu. Nilikwenda kuangalia.

Hawajui. Mashine haiachi. Sisi tulidhani inasikiliza mteja akiwa kwenye laini. Kumbe ukikata simu, kipaza sauti cha hedfoni kinabaki wazi mpaka unapoizima jioni. Kati ya mteja mmoja na mwingine kuna sekunde arobaini, na ndani ya sekunde arobaini mtu ni mtu. Kwenye zile rekodi elfu mbili, zaidi ya mia nane ni za sekunde hizo.

Mama Pacha unamkumbuka, yule niliyekuja naye kukuona, mwenye kicheko cha kuvunja vioo. Nimemsikia akikata simu ya mteja aliyemtukana, kisha akijiambia taratibu, "Vumilia mama, vumilia, bado wateja wanne." Hiyo "vumilia" niliisikia mara kumi na tisa kwa siku moja. Mashine inataka niiambie kama hiyo ni uchovu au hasira. Mwakani, Meneja anasema, Mama Mkwe ataweza kubashiri kwa sauti tu nani anapanga kuacha kazi, hata kabla mwenyewe hajaamua. Mtu huyo ataondolewa mapema ili asiwasumbue. Alisema hivyo akitabasamu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Na ile fomu ya kutia saini ina mstari unaosema "wafanyakazi wote wamearifiwa". Nilipouliza wamearifiwa wapi, nikaonyeshwa mkataba, ukurasa wa kumi na tisa, maandishi ya ukubwa wa sisimizi. Nisipotia saini, narudi kwenye simu au naondoka kabisa. Nikitia, nimesema uongo juu ya watu ninaokula nao chakula cha mchana.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Nilimweleza mama haya yote. Akaacha kukunja nguo akasema, "Muulize shangazi yako. Yeye ndiye fundi wa kusikiliza watu wasiojua." Nikamwuliza anamaanisha nini. Ndipo akaniambia kwamba ile miezi kumi na moja aliyofungwa baba, kabla sijazaliwa, ilitokana na simu moja. Na kwamba asubuhi hiyo kwenye swichibodi ulikuwa wewe.

Shangazi, nimekaa na neno hilo. Baba ana miaka miwili kaburini, siwezi kumuuliza. Nakuuliza wewe. Ulikuwa unasikiliza?

Kasuku


5 Aprili

Kasuku,

Ndiyo.

Sasa na mengine usikie kwangu. Kulikuwa na ofisi mlango wa tatu kutoka chumba chetu, ndani yake alikaa bwana mmoja mwenye suti ya kahawia, ambaye jina lake hatukuambiwa. Tulimwita Bwana wa Tatu. Kila Jumatatu alileta karatasi yenye namba. Namba hizo zikipiga au kupigiwa, ilibidi tusikilize na kuandika. Tuliapishwa, mkono juu, kwamba hatutamwambia mtu yeyote, hata mume. Mimi sikuwa na mume, nikaona kiapo chepesi.

Kusikiliza kulikuwa hivi. Mbele ya kila jozi ya waya kulikuwa na swichi ndogo. Ukiivuta taratibu hadi mwisho, unasikia wote wawili nao hawasikii mlio wowote. Lakini ukiivuta nusu ukaiachia, vyuma vya ndani vinagusana na laini inatoa mlio mdogo: tak. Tulifundishwa kuivuta taratibu.

Mimi nilikuwa naivuta vibaya. Kwa makusudi. Tak, tak, tak, mara tatu, ndipo naifungua. Kila niliposikiliza mtu, mtu huyo alisikia tak tatu. Sikumwambia mtu maana yake. Sikuvunja kiapo, maana swichi haina mdomo.

Mwanangu, watu si wajinga. Haikupita miezi miwili mji ukaelewa. Mwalimu mkuu akisikia tak anahamia kwenye nyanya zake zinavyooza. Daktari anaanza kueleza mafua. Muuza vitambaa alikuwa na bibi mgonjwa aliyeugua mfululizo miaka minne, na wala hakuwa na bibi. Mimi naandika yote kwa mwandiko safi, nampelekea Bwana wa Tatu, naye anasoma nyanya. Alinisifu mara moja kwamba ripoti zangu ni kamili.

Wenzangu wanne kwenye viti virefu waligundua. Hakuna aliyenisema, na wawili wakaanza kuwa na mikono mizito kama yangu. Nilikuwa na miaka thelathini, nikajiona nimeushinda ulimwengu kwa kidole kimoja.

Ndivyo nilivyosikiliza. Ya baba yako nitayasema. Nipe muda.

Mama Laini


14 Aprili

Shangazi wangu wa dhahabu!

Nimeisoma barua yako mara nne, mara ya mwisho nikiwa chooni kazini ili nicheke vizuri. Bibi wa muuza vitambaa! Na mimi nilikuwa nimeanza kukufikiria vibaya, Mungu anisamehe. Mama nimemwambia alikosea, akanuna. Itapita.

Sasa sikiliza, maana umenipa dawa. Nimeongea na fundi mitambo wetu, kijana mpole ambaye Mama Mkwe amempa alama ya "uchovu" kwa sababu tu ana sauti nzito. Anaweza kuweka mlio mdogo ndani ya hedfoni zetu, kila mashine inapofungua sikio. Mdogo sana, kama chembe ya mchanga. Meneja havai hedfoni, hatausikia. Kwenye karatasi tutaandika ni hitilafu ya nyaya.

Sitamwambia mtu. Watajua wenyewe kama mji wako ulivyojua. Mama Pacha atasikia tak, atanyamaza. Mimi nitatia saini fomu, nitabaki kwenye meza ya dirishani, na Meneja atapata nyanya zake.

Tunaweka Jumatatu ya tarehe 24. Damu si maji, Shangazi. Mkono ni wako, kidole ni changu.

Kasuku wako


18 Aprili

Kasuku,

Barua hii inaletwa na jirani wa mlango wa bluu mwenyewe. Nimemlipia basi, na kwa mara ya kwanza mdomo wake utafanya kazi ya maana, maana nimemwagiza asikupe barua mpaka akuone uso kwa uso. Mpe chai.

Usifanye.

Nilikuomba muda kwa ajili ya habari za baba yako. Nimekuwa na miaka thelathini na minane ya kujipa muda, na angalia nilichofanya: nimekuandikia nusu ya hadithi, ile inayonipendeza, nawe umeichukua kama ramani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi.

Baba yako alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi pale kiwanda cha saruji. Ofisi ya chama ilikuwa na simu, na namba yake ilikuwa kwenye karatasi ya Bwana wa Tatu kila Jumatatu. Kwa hiyo kila alipoongea, nilimpigia tak. Nilimpigia kwa nguvu kuliko wengine, maana alikuwa mdogo wangu, na mdomo wake haukuwa na komeo. Sikumwambia maana yake. Nilijiambia ni kiapo. Ukweli ni kwamba niliogopa angemwambia nusu ya mji ndani ya siku moja. Na pia nilidhani anajua. Mji mzima ulikuwa unajua.

Unamkumbuka baba yako. Mtu wa fomu. Sahani ikipasuka dukani anadai stakabadhi. Yeye, akisikia tak, hakuwaza kwamba kuna mtu. Aliwaza kwamba chama kinalipia laini nzuri na kimepewa laini mbovu. Akaandika malalamiko. Kwa mkono wake, nakala mbili, na mhuri wa chama.

Fundi simu alikuja asubuhi ya Jumanne saa mbili. Alinionyesha ile karatasi, nikautambua mwandiko kabla ya jina. Akafungua ubao wangu, akatoa vile vyuma vya swichi, akaweka vipya, akavipaka mafuta. Akanijaribishia. Nikavuta nusu, nikavuta robo, nikaivuta kwa hasira. Kimya. "Umeona dada," akaniambia, "sasa iko kama mpya." Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Saa nne kijitaa cha chama kikawaka. Siku hiyo Bwana wa Tatu mwenyewe alikuwa amevuta kiti pembeni yangu, ana hedfoni ya pili, maana kulikuwa na fununu za mgomo. Nikachomeka waya. Nikavuta swichi. Nikasikia mdogo wangu akicheka na kumwambia mwenzake, "Leo laini safi, tuongee." Nilikohoa. Bwana wa Tatu akafunika kipaza sauti changu kwa kiganja, bila kuniangalia.

Mdogo wangu akataja siku ya mgomo. Akataja watu saba, mmoja mmoja, jina lake mwenyewe likiwa la kwanza, maana alipenda utaratibu. Nami nikaandika, kwa ule mwandiko wangu safi.

Utaniuliza kwa nini sikuchomoa waya. Nimejiuliza kila siku. Niliogopa. Sina jibu jingine, na hilo ni la kweli.

Alipotoka gerezani alikuja kwangu kunirekebishia paa. Hakuniuliza, sikumwambia. Tukakaa hivyo miaka yote, tunaongea habari za mabati. Mama yako alijua nilikuwa kazini siku ile, akafanya hesabu yake, na simlaumu. Ila kufa kwake mdogo wangu bila mimi kufungua kinywa, hilo linaniuma mpaka sasa ninapoandika. Na ndiyo sababu sina simu. Siku yoyote nikinyanyua kile kitu nasikia mtu anacheka na kusema laini safi.

Sasa nisikilize, mtoto wa mdogo wangu. Mlio usioambiwa mtu maana yake si onyo. Ni hitilafu, na hitilafu ina dawa, dawa yake ni fundi. Katika watu arobaini na watano, arobaini na wanne wataelewa. Yule mmoja, tena mwema kuliko wote, atakwenda kulalamika kwamba hedfoni yake inakwaruza. Utakuwa umemzibia sikio yeye peke yake.

Waambie kwa mdomo. Mchana, wote wakiwepo, na jina lako juu yake. Unao mdomo mzuri, hatukukuita Kasuku bure. Mimi nilijiona jasiri kwa kidole. Wewe kuwa jasiri kwa sauti.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Jirani alifika, akakataa chai, akataka soda, akanisimulia habari za mtaa mzima kabla ya kunipa bahasha. Nilisoma nimesimama kwenye ngazi za jengo. Kisha nikakaa kwenye ngazi hizo hizo, watu wakinipita.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilitaka nikujibu kwa kitu kilichofanyika, si kwa ahadi.

Tarehe 24, saa saba mchana, nilisimama juu ya kiti kwenye chumba cha chakula. Nikasoma ukurasa wa kumi na tisa wote, kwa sauti, polepole. Wengine walidhani nimepata habari za msiba. Nilipofika pale pa "muda wote hedfoni inapokuwa imewashwa" nikaacha kusoma nikawaeleza kwa Kiswahili cha nyumbani: mkikata simu anasikia. Mkijisemea anasikia. Mimi nimewasikia, mia nane na kitu, na nawaomba radhi. Fomu sitaitia saini.

Halafu Mama Pacha akauliza, "Hata ile ya 'vumilia mama'?" Nikamwambia hata hiyo. Akaangalia sahani yake. Nilidhani atalia. Akasema, "Basi Mama Mkwe angenisaidia kuhesabu wateja, maana kuna siku nilipotea." Watu wakacheka, na kile kicheko kikawa kama mlango umefunguliwa.

Kuanzia mchana huo kila mtu akikata simu anaivua hedfoni na kuiweka mezani kifudifudi. Hatukugoma. Wateja wote walijibiwa, friji zote ziliombewa radhi. Ila kwa zile sekunde arobaini Mama Mkwe alisikiliza meza arobaini na sita. Siku ya tano alitoa ripoti kwamba wafanyakazi wamekuwa "watulivu kupita kiasi" na akapendekeza uchunguzi.

Meneja aliniita mara tatu. Mara ya kwanza alinitisha, mara ya pili alinibembeleza, mara ya tatu nilimkuta na wakubwa wawili kutoka makao makuu, nami nikaingia na Mama Pacha na wengine sita, bila kualikwa. Mkubwa mmoja akasema mimi ni mtu mmoja na teknolojia haiwezi kusimama kwa ajili ya mtu mmoja, huko tuendako mashine zitasikiliza kila mahali na tutazoea. Nikamjibu kwamba shangazi yangu alisikiliza mji mzima kabla yake, na kwamba watu hawakuzoea, walijifunza kuongelea nyanya. Hakuelewa. Lakini nilimweleza pia kwamba mashine yao sasa inajifunza sauti za watu wanaojificha, na ikimaliza kujifunza haitajua kitu kingine. Hilo akalielewa haraka, maana linagusa kile walichonunua.

Siku ya tisa wakakubali, na imeandikwa, kwa herufi za ukubwa wa kawaida, ukurasa wa kwanza. Mashine inasikiliza mteja akiwa kwenye laini tu. Inapofungua sikio inatoa mlio, na mlio huo wanausikia wote wawili, mfanyakazi na mteja, na mteja anaelezwa maana yake kabla ya salamu. Zile mia nane zimefutwa mbele yetu. Na mashine yoyote itakayokuja baada ya hii, hata ile ya kubashiri, haiingii chumbani bila mlio wake. Najua watajaribu tena. Wakijaribu watatukuta tumekaa pale pale.

Meza ya dirishani nimenyang'anywa. Nimerudi kwenye simu, kiti cha kumi na mbili, jirani yangu ni Mama Pacha na ndoo inayokinga maji ya kiyoyozi. Sijawahi kukaa kiti kizuri kama hiki.

Sasa la mwisho, na hili ukae chini kweli.

Nilikwenda nyumbani kwa mama na barua yako. Nilimsomea. Aliingia chumbani akatoka na lile bati la biskuti ambalo baba aliwekea karatasi zake, akaniambia hajawahi kulifungua tangu msibani kwa sababu linanuka yeye. Tukalifungua pamoja. Stakabadhi, Shangazi! Stakabadhi za misumari ya miaka ishirini. Na chini kabisa, nakala ya waridi ya yale malalamiko ya simu, na mhuri wa chama, kama ulivyoeleza.

Nyuma yake ameandika kwa kalamu, na tarehe, maana ni yeye. Mama anasema ni wiki aliyotoka gerezani. Anakumbuka kwamba kule ndani mmoja wa wale saba alimwuliza baba, "Siku ile hukusikia tak?", na baba akarudi na swali hilo, akawa hasemi, anakwenda tu kurekebisha paa lako. Mama hakujua maana yake mpaka jana.

Ameandika hivi: "Dada alikuwa ananiambia ninyamaze. Mimi nikamwitia fundi."

Ni hayo tu. Alijua, Shangazi. Alijua tangu wiki ile, na aliona haya kama wewe ulivyoona haya, mkawa mnapigilia mabati.

Karatasi nimekuwekea humu ndani. Ni yako. Mama anauliza utakuja lini.

Mtoto wa mdogo wako,
Kasuku


20 Mei

Kasuku,

Karatasi imefika. Nimeiweka ninapoiona nikiamka. Kuhusu mama yako, mwambie Ijumaa, na mwambie nakuja na kuku, si yule wa dirishani, huyo amekuwa rafiki.

Nakuandikia hii kukueleza nilichofanya leo, maana ukikisikia kwa jirani atakiongezea chumvi.

Saa nne asubuhi nilimfungulia kuku, nikaifuta ile simu, na jirani wa mlango wa bluu akanionyesha pa kubonyeza. Nikapiga namba ya kampuni yenu. Nilikosea tarakimu mara mbili, nakuambia kwa kuwa sitaki kukuficha kitu tena. Nikaelezwa kwamba nitasikia mlio, na maana yake ni kwamba mashine inasikiliza. Nikasubiri nimesimama, mgongo umenyooka, kama zamani.

Ukalia. Mdogo, safi, hauna kificho.

Nikasema kwa sauti, "Mdogo wangu, umeusikia huo?"

Binti mmoja akaitika upande wa pili, nadhani ni Mama Pacha, ana kicheko hata anapokuwa hajacheka. Akaniuliza, "Karibu mama, nikusaidie nini?"

Nikamwambia nimeshasaidiwa.

Shangazi yako,
Mama Laini